Nani Alipeleka Mbuzi

Vijana wangu, hasa nyinyi mnaosomea mambo ya televisheni, mmeniuliza jambo moja mara nyingi, na kila mara mnaliuliza kwa sauti ya chini kama watu wanaouliza habari za ugonjwa. "Mama Nduku, ni kweli ulifutwa kazi kwenye kile kipindi?" Pandisheni sauti. Ndiyo, nilifutwa. Nilifutwa Jumanne, saa nne asubuhi, chai yangu ikiwa bado moto, na niliimaliza yote kabla ya kutoka. Ningerudishwa leo ningefanya lile lile, ila safari hii ningebeba na andazi.

Kipindi kiliitwa *Damu ya Nani*. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, vituo vya televisheni vimechipuka Nairobi kama uyoga, kila kimoja kikitafuta kitu ambacho jirani hana. Mtayarishaji wetu, Jeff, kijana mwepesi wa maneno na mzito wa kusikiliza, alikuwa ameona kipindi cha namna hiyo ng'ambo. Mtu mashuhuri anapelekwa kwao asikokujua, anaonyeshwa makaburi na makaratasi ya wazee wake, analia, halafu tangazo la sabuni linaingia. Mimi nilikuwa mtu wa kutangulia. Wiki kadhaa kabla ya kamera kufika, ningekuwa nimeshakaa na wazee, nimekunywa uji wao, nimejua nani alimzaa nani na nani hasalimiani na nani.

Sikusomea kazi hiyo. Miaka ya tisini yote nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Machakos, dirisha la vyeti vya kuzaliwa. Kama hamjawahi kukaa nyuma ya dirisha hilo, hamjui nchi hii. Nusu ya wazee wa Ukambani walizaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu karani aliyewaandika alikuwa na haraka. Nilimwona mama mdogo kuliko mtoto wake kwa miaka miwili, na muhuri umepigwa vizuri kabisa. Kwa hiyo msiniambie habari ya karatasi. Karatasi nazijua, nimezipiga muhuri kwa mkono huu.

Aliyenifundisha watu ni Mzee Nzioka, tarishi wa ofisi yetu. Kazi yake kwenye mshahara ilikuwa kubeba mafaili. Kazi yake hasa ilikuwa kujua kila nyumba kuanzia mjini hadi Kivaa. Alinifundisha kalamu ibaki mfukoni mpaka uji uishe, maana Mkamba akiona kalamu anajua umetumwa kwa ajili ya shamba lake. Alinifundisha kubeba sukari na majani ya chai, lakini kuvitoa wakati wa kuaga, si wakati wa kufika. Hilo la mwisho nililidharau mara moja tu. Nilimpa mzee mmoja blanketi kabla hajafungua kinywa, akanipa babu wa mwanamuziki tuliyekuwa tunamtafutia. Juma lililofuata mwenzangu akampelekea blanketi la pili. Akapewa babu mwingine, mrefu zaidi, na mganga juu yake!

Sasa nije kwa Mutinda, maana najua ndiye mnayemngoja.

Mutinda alikuwa golikipa. Wazazi wenu wanamkumbuka, yule waliyemwita Ukuta. Alilelewa Mombasa na mama yake, kwa sababu baba yake, Ndolo, alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Kuhusu upande wa baba alijua mambo mawili tu. Kwamba walitoka Kivaa, na kwamba babu yake alikuwa mwanajeshi aliyefia Burma katika vita vya Wazungu. Hiyo ya Burma Ndolo mwenyewe alimsimulia, na Mutinda alikuwa ameisema kwenye kila gazeti na kila redio. Jeff alipoisikia alikaribia kuruka. "Madam Nduku, hiyo ndiyo story! Shujaa wa vita, mjukuu shujaa wa mpira. Nenda uniletee huyo babu."

Nikaenda. Kwenye karatasi za Ndolo palikuwa na jina moja tu la mzazi, Kalondu, na kila mtu wa kwetu anajua hilo ni jina la kike. Nikajiambia, ndiye huyo mama, baba alikufa vitani, basi. Kivaa ni mbali na kuna jua, lakini nyumba ya Kalondu haikunisumbua kuipata. Nilimkuta bibi mmoja mkavu, mwepesi, anapepeta pojo. Huyo alikuwa Susu Mumbua, maana sisi bibi tunamwita susu, na ndiye mama mzazi wa Ndolo. Kalondu alikuwa ameshafariki zamani. Nikashangaa kidogo, kwamba mama si Kalondu, lakini nikanywa uji, na uji ulipoisha nikatoa kalamu.

"Susu, aliyekuoa alikuwa nani?"

"Kalondu."

"Hapana, susu. Namuuliza mume wako. Mzee."

"Si nimekwambia? Kalondu." Akaendelea kupepeta. "Masikio yako hayasikii vizuri, na bado wewe ni msichana."

Na mimi Nduku, mtoto wa Machakos, karani wa miaka kumi, nikaandika kwenye daftari hivi: *Bibi ana umri mkubwa. Kumbukumbu imefifia.* Daftari hilo ninalo hadi leo. Huwa nalifungua nikianza kujiona mwerevu.

Wiki tatu nilimtafuta mwanajeshi. Niliuliza chifu, niliuliza kwenye mashine ya kusagia posho, niliuliza kwenye makanisa mawili. Nikiuliza, "Mume wa Mumbua alikuwa nani?" watu wanatazama chini, halafu wananiambia habari za mvua. Mama mmoja alicheka mpaka akajishika kiuno, akaenda zake bila kunijibu. Nikarudi Machakos nimechoka, viatu vimeisha kisigino, nikaenda nyumbani kwa Mzee Nzioka, ambaye alikuwa ameshastaafu. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Uliuliza nani alipeleka mbuzi?"

Wui! Nilihisi damu ikinipanda usoni. Maana nilijua. Nilikuwa nimejua tangu siku ya kwanza, kule ndani ndani ambako mtu huficha vitu ili asivione.

Nyinyi wa leo pengine hamjui, kwa hiyo sikilizeni. Kwetu ndoa haifanywi na pete wala cheti. Inafanywa na mbuzi watatu wa ntheo. Wawili wanabaki kwa wazazi wa mke, wa tatu ni beberu, anachinjwa na kuliwa na pande zote mbili wakiwa wamekaa pamoja. Nyama hiyo ikiliwa, mke ni wenu, watoto ni wenu, na kaburi lake liko kwenu. Na zamani mwanamke aliyekosa mtoto hakukaa kulia. Alichukua mbuzi wake mwenyewe akaoa mwanamke mwingine, ambaye angezaa watoto wa nyumba yake. Mke huyo aliitwa iweto. Nani alimpa mimba haikuwa habari ya mtu yeyote. Watu wa pwani wana msemo wao, kitanda hakizai haramu, na sisi tulikuwa tunauishi kabla ya kuusikia.

Lakini mimi nililelewa kwenye nyumba ya kanisa. Neno iweto kwetu lilikuwa tusi. Nililitamka mara moja nikiwa na miaka minane, mama akanichapa kwa mwiko. Ndiyo maana Susu Mumbua aliponijibu waziwazi, nilichagua kuamini kwamba yeye amesahau kuliko kuamini kwamba mimi naona haya. Kijana, mzee akikupa jibu usilolipenda, usiandike kwamba kumbukumbu yake imefifia. Nakuomba sana.

Nikarudi Kivaa. Safari hii sikubeba kalamu kabisa.

"Susu," nikasema, "nani alipeleka mbuzi?"

Akaweka ungo chini. "Sasa umekuja," akasema.

Akanieleza yote. Kalondu alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye mbuzi wengi na sauti kubwa. Alikwenda kwa miguu mpaka Kithimani, kwa kina Mumbua, na mbuzi wawili, wakapokelewa. Siku ya beberu ilipofika, baba yake Mumbua alikuwa amebatizwa karibuni. Wazee wa kanisa walimwambia akikaa kula nyama ya ntheo na mwanamke aliyekuja kuoa mwanamke, jina lake litafutwa. Kwa hiyo beberu akarudishwa na kamba yake shingoni.

"Na wale wawili wa kwanza?" nikauliza.

"Wao walikuwa wamezaa. Hao hakuwarudisha." Akacheka mpaka machozi. "Dini ilikuwa ya beberu peke yake!"

Mumbua alimfuata Kalondu hivyo hivyo, bila nyama kuliwa. Kalondu alimfuga yule beberu mpaka akafa kwa uzee, hakumuuza wala hakumchinja. Wakalima pamoja, wakazika njaa mbili pamoja, wakamlea Ndolo. Ndolo alipoanza shule, watoto wakamwita mwana wa iweto, wakamuuliza kila siku babake ni nani. Akakua na hasira hiyo, akashuka Mombasa na hakurudi. Huko ndiko alikojitengenezea mwanajeshi. Simlaumu. Mtoto akichekwa sana atajichongea baba hata kwa ubao.

"Redioni nilisikia Mutinda Ndolo amezuia penalti," Susu akasema. "Nikajiambia, kina Ndolo ni wengi."

Kisha akaniambia kilichokuwa kinamla. Kalondu alipofariki, watu wa ukoo wa marehemu mumewe walianza kumhesabu Mumbua kama mgeni. Na sasa, alipokuwa amezeeka, wawili wao walikuwa wamekuja wakasimama hapo uani na kumwonyesha kwa kidole njia ya Kithimani. Ntheo haikuliwa, walisema, wewe si wetu. Siku yako ikifika tutakubeba tukupeleke kwenu.

"Shamba wachukue," alisema. "Mimi nataka nilale pale." Akaelekeza nyuma ya ghala, palipokuwa na kaburi la Kalondu limepangwa mawe. "Pale tu. Huko Kithimani hakuna anayenijua."

Na nani angeweza kuipeleka ile nyama? Mtoto wa nyumba. Ndolo hakuwapo tena. Alibaki golikipa.

Nilifika ofisini Nairobi nikiwa na hadithi bora kuliko zote nilizowahi kubeba. Jeff aliisikiliza akizungusha kiti. "Madam," akasema, "watu hawataki mambo ya mbuzi. Lakini usijali, tuko na njia mbili. Moja, nishapata mzee wa medali, atasema alikuwa na babu Burma. Mbili, tunamshtua. Tunampeleka Mutinda kwa nyanya, kamera iko tayari, tunamwambia hapo hapo: babu yako hakuwahi kuwepo. Halafu tunamuuliza nyanya, sasa huyo mwanaume alikuwa nani? Hiyo ni TV! Chagua."

"Utamuuliza bibi wa miaka themanini na zaidi alilala na nani?"

"Damu ni nzito kuliko maji, Madam. Jina la kipindi ni *Damu ya Nani*."

"Basi jina ni la kijinga," nikasema.

Kipindi kilikuwa na sheria moja isiyovunjwa, kwamba nyota haambiwi chochote kabla ya kamera kuwaka. Uso wake ndio bidhaa. Nilikuwa nimeiheshimu sheria hiyo kwa watu wote waliopita mikononi mwangu, na baadhi yao, nakiri, niliwaona wakivunjika mbele ya taa na nikaenda kula chakula cha mchana. Safari hii nilikataa. Kesho yake nilimpigia Mutinda simu, nikamwomba aje Machakos, tukakaa kwenye hoteli ndogo ya chai karibu na soko. Nikamwambia kila kitu, taratibu, pamoja na beberu.

Mikono yake ile mikubwa ilikuwa juu ya meza imelala kama si yake.

"Waniambia babu yangu ni mwanamke?"

"Nakwambia nyumba yako ilijengwa na mwanamke. Na mwingine yuko hai, anaogopa kufa."

"Na Burma?"

"Hakuna Burma."

Akasimama, akagonga meza, chai ikamwagika. Alinitukana, na si tusi dogo. Watu wote mle ndani walimtambua, wakawa wanatazama, Ukuta anamfokea mama mtu mzima. Akatoka. Nilifuta meza kwa leso yangu, nikajua nimeharibu. Nilifikiria kaburi lile nyuma ya ghala na nikalia pale pale, mchana kweupe, mbele ya sambusa.

Alimpigia Jeff simu akajitoa kwenye kipindi. Hiyo ndiyo Jumanne yangu. Jeff alisema nimesaliti timu, nimeua kipindi kizuri kuliko vyote, na hakuna kituo kitakachoniajiri tena. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nilirudi Machakos nikafungua kibanda cha kuandikia watu barua na fomu, na hapo ndipo nilipozeekea. Msinionee huruma, sitaki.

Lakini mwezi haukuisha. Asubuhi moja nilisikia pikapu inapiga honi nje kwangu na mbuzi anajibu. Nikachungulia. Mutinda alikuwa amesimama amevaa viatu vyeupe, na nyuma ya pikapu kuna beberu mweusi, mkubwa, ana kiburi kama mwenye gari.

"Shikamoo, mama," akasema, hanitazami machoni. "Nilikukosea adabu. Kithimani ni wapi?"

"Tunaanza Kivaa," nikamwambia. "Huendi kuoa bila mke."

Walipokutana yeye na Susu, sitawasimulia. Hakukuwa na kamera na haikuwa yenu. Nitasema tu kwamba bibi aliishika ile mikono yake, akaigeuza huku na huku, akasema, "Hii ni ya Ndolo." Wale wawili wa ukoo walisikia habari, nao wakapanda nyuma ya pikapu. Hawakuja kusaidia. Walikuja kuona mbuzi akirudishwa mara ya pili.

Njiani nilimfundisha Mutinda maneno ya Kikamba ya kusema akifika. Aliyarudia vizuri mpaka nikajivunia.

Mpwa wa Susu, Mzee Muia, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyekuwa mwenye boma kule Kithimani. Naye alikuwa mtu wa kanisa, kama babu yake. Alitoka nje na miwani yake ya kusomea, akamtazama shangazi yake ambaye hakuwa amekanyaga pale tangu alipoondoka akiwa msichana, akamtazama golikipa, akawatazama wale wawili wanaotabasamu nyuma ya gari. Mwisho akamtazama mbuzi. Nikaona taya lake linakazana. Nilijua anachofikiria, kwa sababu ni kile kile nilichochapiwa mwiko.

"Huyu mbuzi ametoka kwa nani?" akauliza.

Kikamba chote kilimtoka Mutinda. Akabaki na Kiswahili chake cha Mombasa.

"Kwa Kalondu, mzee. Mtuwie radhi. Alichelewa njiani."

Muia alivua miwani, akaifuta kwa shati, akachukua muda mrefu kuifuta. Susu alisimama akishika mlango wa pikapu.

Kisha Muia akanyoosha mkono akapokea kamba, akageuka kuelekea jikoni. "Leteni kisu," akasema. "Na viti. Shangazi ataketi wapi?"

Mbuzi alichinjwa, akachomwa, akaliwa na pande zote mbili. Wale wawili wa ukoo walipewa sehemu yao, wakatazamana, na njaa ya safari ikawashinda. Yule aliyeonyesha njia kwa kidole ndiye aliyekula zaidi, nami nilimhesabia kila kipande kwa macho ili asije akasahau. Susu hakuwa na meno ya kutafuna. Alipewa supu kwenye kikombe, akainywa polepole mpaka ikaisha, akajifuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Haya," akasema, "sasa nirudisheni nyumbani, kwa Kalondu."

Tukamrudisha. Na hapo ndipo alipo mpaka leo, nyuma ya ghala.